Asante ya Bati Moja

Jumapili ile, Pasta Anatole alipotaja jina la Kabanyana mbele ya kanisa, Émilienne aliinama upesi kana kwamba anamfunga mwanawe kamba za viatu. Mtoto alikuwa miguu mitupu. Godelieve, jirani yake aliyekaa naye benchi moja, alimtazama kidogo kisha akayarudisha macho mimbarini, maana hata yeye alikuwa na sababu zake za kutotaka kutazamana na mtu.

Pasta hakuona, au aliona akaendelea. Siku ile alikuwa na furaha. Vita vilikuwa vimelegea mwaka ule, majeshi ya kigeni yalikuwa yamerudi kwao, shule zilikuwa zimefungwa kwa kiangazi, naye alikuwa amepata wazo. Vijana wa kanisa la Baraka wangesafiri mpaka Mboko, wapande mlimani, wamjengee nyumba huyo Kabanyana, mjane wa imani yao, Munyamulenge wa kabila la wafugaji wa milimani, aliyerudi kutoka ukimbizini akakuta kuta tupu. Safari hiyo aliipa maneno matatu: imani, utumishi na haki. Akawataka waumini wayarudie kwa sauti. "Imani!" ilitikisa paa. "Utumishi!" nayo ilisikika vizuri. Kwenye "haki" sauti za wanaume wa mabenchi ya mbele zilishuka, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wana mafua.

"Sasa," Pasta akasema, "mi siombe feza. Najua hamuna. Kila nyumba yenye iko na manjanja itoe moja. Moja tu! Toeni ya baraza. Baraza haitakufa na baridi."

Watu walicheka. Manjanja ndiyo mabati, na katika Baraka ya wakati ule, mwenye nyumba ya mabati alihesabiwa kuwa mtu. Wengine wote walikuwa chini ya nyasi au turubai.

"Na mama mulezi wa batoto betu atakuwa Mama Rosette, bibi ya shemasi Patrice. Mama, simama bakuone."

Kwa desturi ya kanisa lile, vijana hawalali ugenini bila mama mlezi. Ndiye anayelala na wasichana, anayesimamia chungu, na anayejibu kwa mama zao likitokea jambo. Ni heshima kubwa, na wako wanawake walioisubiri mpaka mvi zikawatoka. Émilienne alisimama. Watu walimpigia makofi, na kule kwenye kwaya binti yake Rosette alipiga kuliko wote.

*

"Mi siendi," alimwambia mumewe mara tu walipofika nyumbani.

Patrice alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekwisha kuvua shati la kanisani na kuegemeza ngazi ukutani.

"Utaenda. Ukikataa, bantu bataanza kuuliza juu ya nini."

"Baba Rosette, ni Mama Mpano! Ni nyumba yake!"

"Punguza sauti."

Hapakuwa na haja ya kusema zaidi, kwa kuwa mabati yote yaliyokuwa juu ya vichwa vyao yalikuwa ya Kabanyana, huyo Mama Mpano. Patrice na wanaume wengine waliyashusha mlimani katika mwaka mbaya kuliko yote ya vita, wakati wenyeji wa kule walipokuwa wamekimbia. Siku aliyoyaleta, Émilienne alimwuliza yametoka wapi. Akajibu, "Yametoka kwa vita." Hakuuliza tena. Alikuwa amelala chini ya mabati hayo mara nyingi siku za amani, alipokuwa akipanda mlimani na unga wa muhogo na dagaa ili kubadilishana na maziwa na siagi ya Kabanyana, kisha mvua inamshika huko. Aliyajua hata madoa ya lami ambayo Rukunda, mume wa Kabanyana, aliyatia mahali palipotoboka. Alijua, akanyamaza. Miezi michache kabla ya mabati hayo kuletwa, mtoto wao wa pili alikuwa amekufa kwa kifua ndani ya kibanda cha nyasi kilichovuja usiku kucha, na Patrice alikuwa ameapa kaburini kwamba hakuna mwanawe mwingine atakayenyeshewa.

"Manjanja haina jina," Patrice alisema akipanda ngazi. "Tutatoa moja kama bengine. Tutakuwa tumemusaidia."

"Tutamusaidia na kitu yake mwenyewe?"

"Unataka nitoe yote? Batoto balale wapi? Mvua ya mwezi wa kenda iko mulangoni."

Émilienne alisikia misumari ikilia inapong'olewa. Rosette alitoka ndani mbio, akalipokea bati la baraza kutoka kwa baba yake na kulifuta vumbi kwa upindo wa kitenge. Alikuwa na miaka kumi na saba, na moyo wake ulikuwa bado haujajua kuficha furaha.

"Papa, merci! Nitaibeba mi mwenyewe. Nataka yule mujane aone kama ni sisi."

"Aone nini?" mama yake aliuliza, kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe.

"Kama tunamupenda, Mama."

*

Lori la mfanyabiashara wa chumvi liliwachukua mpaka Mboko, vijana wakiwa wamekaa juu ya mabati yao na kuimba kwa sauti nne bila kuchoka. Kiongozi wao, Jérémie, alikuwa amekulia kambini Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichonyooka ambacho wenzake walikicheka kila alipofungua kinywa. "Swahili ya kambi!" walimwambia. Alikuwa kijana mwema, mwenye bidii, na hakuwa amekuwepo siku mambo yalipofanyika. Wengi wao hawakuwepo. Walikuwa wameondoka wachanga, wakarudi na kukuta wazee wao hawasemi kitu.

Kabla ya Mboko palikuwa na kamba iliyofungwa kukatiza barabara. Wapiganaji wa msituni walitoka kivulini, na mmoja wao, kijana wa umri wa Rosette, aligonga mabati kwa kitako cha bunduki.

"Manjanja yote hii munapeleka wapi?"

"Tunamjengea mjane," Jérémie alisema.

"Mujane wa nani?"

Nyimbo zilikatika. Kila mtu ndani ya lori alijua kwamba jina la kabila la mjane, ambalo wapiganaji wale walilihesabu la adui, likitajwa kwenye kamba ile, lingeweza kuwarudisha Baraka mikono mitupu, au lingeweza kufanya mabaya zaidi. Jérémie alifungua kinywa chake kilichozoea kusema kweli. Émilienne alishuka upesi kabla hajajibu.

"Mujane wa kanisa," alisema. "Na mimi ni mama yao. Papa, achia batoto bapite, jua imekuwa kali."

Kijana alimtazama muda mrefu. Pengine hakuwa ameitwa "papa" na mwanamke mzima kwa heshima kiasi kile. Alifungua kamba. "Muniombee," alisema.

Lori lilipoondoka, Rosette alimkumbatia mama yake begani. "Mama, we uko na imani ya kweli," alimnong'oneza. Émilienne alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na lori lenyewe.

Walilala kanisani Mboko. Asubuhi waliupanda mlima, kila mmoja na bati lake kichwani. Upepo uliyachukua mabati na kuyapiga, yakatoa ngurumo mlima mzima, na wasichana wakacheka kwamba hata adui angekimbia akidhani ni mizinga. Émilienne alipanda nyuma yao na chungu. Aliijua njia ile vizuri kuliko wote, lakini kila walipofika njia panda aliwaacha waulize.

*

Kabanyana alikuwa amesimama mbele ya turubai lake na mjukuu wake wa kike, Umulisa. Alikuwa amekonda, na amezeeka kupita miaka yake. Aliwaangalia vijana wakimiminika uani, kisha akamwona mwanamke mwenye chungu.

"Mama Rosette! Mana yangu, Mungu wangu! Ni we?"

Alimjia mbio, akamshika mabega yote mawili kwa namna ya watu wa milimani, akamkumbatia upande huu na upande huu, wala asimwachie. Vijana walifurahi kuona mama yao anajulikana mpaka huku.

"Uko muzima?" Kabanyana aliuliza.

"Niko muzima. Mpano iko wapi?"

"Mpano hakurudi."

"Na baba yake?"

Kabanyana alionyesha kwa kidevu tuta la udongo lililozungushiwa mawe, nyuma ya kuta za nyumba. "Rukunda iko pale. Hakukubali kukimbia. Ndiyo nilirudi. Ningemuacha na nani?"

Kazi ilianza papo hapo. Wavulana walikata miti na kufunga kenchi, wasichana walichota maji na kukandika kuta kwa miguu na mikono. Émilienne na Kabanyana walipika pamoja. Kila baada ya muda Kabanyana aliomba radhi. Wageni wametoka mbali, na yeye, mtu wa ng'ombe, hana maziwa ya kuwapa, wanakula ugali na majani ya muhogo kana kwamba nyumba haina mwenyewe. Wezi wa ng'ombe hakuwataja, wala hakutaja waliochukua paa. Émilienne alikuwa akisema "Si kitu, si kitu," akizidi kuchochea moto.

Alasiri kenchi zilikuwa tayari, na Jérémie akawaita watu wote uani kwa ajili ya makabidhiano. Katika kanisa lao kitu hakitolewi kimyakimya. Aliyekibeba hukiinua juu, kiongozi hulitaja jina la nyumba iliyokitoa, na anayepokea husimama na kujibu asante, watu wakapiga makofi. Watoto hufundishwa hivyo tangu wadogo, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba desturi nzuri namna ile inaweza kumchoma mtu.

Mabati yaliinuliwa moja baada ya jingine. Kwa kila moja Kabanyana aliitika asante kwa moyo, akiinamisha kichwa. Kisha zamu ya Rosette ikafika. Aliliinua bati juu kabisa, kwa mikono iliyonyooka, uso umejaa nuru.

"Kutoka kwa shemasi Patrice na mama yetu mlezi, Mama Rosette!" Jérémie akatangaza.

Hapo vigelegele vilipigwa kuliko vyote. Kabanyana alisogea. Rosette alilishusha bati ili amkabidhi, na yule mama akalishika kwa chini, vidole vyake vikatembea juu ya mikunjo mpaka vikafika kwenye doa la lami lililo kubwa kama kiganja. Vikasimama hapo. Émilienne, kando ya chungu, aliviona vidole vile vimesimama.

Kabanyana alibaki ameliinamia lile doa. Vijana walisubiri. Jérémie alidhani ni furaha iliyomzidi.

"Mama, hata neno moja. Vijana wametoka mbali."

"Asante," Kabanyana alisema.

"Kwa sauti, Mama! Kila mtu asikie!"

Yule mama aliinua uso. Macho yake yalimtafuta Émilienne, yakampata.

"Asante, Mama Rosette," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wavulana waliokuwa juu ya kenchi. "Asante kwa manjanja yenye umenipa."

Watu walipiga makofi.

*

Kabanyana alipochukua dumu kwenda kisimani, Émilienne alimfuata. Mabondeni ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Kabanyana alichota maji kikombe kwa kikombe bila kugeuka.

"Mama Mpano."

"Sema."

"Ile manjanja..."

"Najua."

Émilienne alikosa pa kuyaweka macho.

"Nilijua mbele ya leo," Kabanyana aliendelea, na mkono wake haukuacha kuchota. "Mwezi wa sita nilienda Baraka kwa Pasta kuomba kama naweza kurudi. Nikafika kwako kukusalimia. Ulikuwa kwa shamba. Nikakungoja pa baraza. Nikainua macho juu."

"Na hukuambia Pasta?"

"Nimuambie nini? Nilisema, afazali ni Mama Rosette, si basoda benye bunduki. Basoda bangeuza. Nikasema, siku moja ataniambia yeye mwenyewe, ni rafiki yangu. Nikanywa maji kwa jirani yako, nikaenda."

Godelieve, basi, alimpa maji na hakusema neno. Émilienne alikumbuka macho yake kanisani.

Kikombe kilianguka kando ya dumu. Kabanyana aligeuka. "Ungekuja mikono tupu, ningekupokea vilevile. Lakini umeniletea moja! Umeipa mutoto wako aibebe. Na mi nimesimama mbele ya bantu, nimeambiwa niseme kwa nguvu, nimekushukuru juu ya paa yangu."

Émilienne alipiga magoti kwenye tope. Machozi hayakumtoka, yalikuwa yamekwama mahali. "Nisamehe. Tukirudi nitaongea na Baba Rosette. Tutakurudishia yote, pole pole, tutatuma muntu usiku, hakuna mwenye atajua..."

"Hapana," Kabanyana alisema. "Mi sikukushukuru kwa kujificha. Na we usinirudishie kwa kujificha."

Alijitwisha dumu, akashika njia. Émilienne alibaki pale mpaka baridi ikaingia mifupani. Aliogopa. Patrice angevuliwa ushemasi. Watoto wangelala chini ya nyasi mvua ikianza, na alikuwa amekwisha kuzika mmoja. Lakini hofu kubwa kuliko zote ilikuwa ya uso wa Rosette, uso ule uliojaa nuru chini ya bati, ambao yeye mwenyewe angeuzima kwa kinywa chake. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Alikuwa amekuzoea.

*

Kesho yake, kabla ya kushuka, walikusanyika kwa sala ya mwisho. Mabati yalikuwa yametosha chumba kimoja na nusu ya kingine, sehemu iliyobaki waliifunika kwa nyasi. Jérémie alisoma maandiko, akauliza kama yuko mwenye neno.

"Niko nalo," Émilienne alisema.

Alisimama. Akashika ukuta wenye udongo mbichi, na alama ya mkono wake ikabaki hapo.

"Asante yenye Mama Mpano alinipa jana, ninairudisha," alisema. "Haikuwa yangu. Ile manjanja ni yake. Bwana yangu aliitoa hapa, kwa kuta hizi, wakati wa vita. Na zile zingine zote ziko kwa nyumba yangu Baraka. Nilizijua siku ya kwanza. Nimelala chini yake, nimeomba Mungu chini yake. Nilikuja hapa kama mama mulezi, na nilikuja na uongo kwa kichwa ya mutoto wangu."

Jérémie alisogea.

"Mama, labda tuombe kwanza."

"Tutaomba nyuma. Acha nimalize. Yote itarudi hapa, mbele ya mvua kuanza. Nasema mbele yenu ili nisiweze kugeuka."

Kijana mmoja nyuma aliangalia chini, halafu mwingine. Pengine walikuwa wameanza kuwaza juu ya paa za kwao. Kabanyana alipita katikati yao mpaka mbele ya rafiki yake, akaishika mikono yake miwili yenye tope. Hakusema amemsamehe.

"Nimesikia," alisema.

Rosette alikuja polepole. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Hata siku ile nilikuwa nafuta vumbi?"

"Hata siku ile."

Msichana alitingisha kichwa kama mtu aliyejibiwa jambo la kawaida. Kisha akaanza kuteremka mlima peke yake. Njia nzima mpaka Mboko, na ndani ya lori, na pale kwenye kamba, hakugeuza kichwa kumtazama mama yake.

*

Habari iliwatangulia. Walipofika Baraka, Patrice alikuwa amekaa barazani penye jua, mahali ambapo bati lilikuwa limetolewa. Kando yake alisimama Henri, mzee wa kanisa, mwenye nyumba kubwa kuliko zote mtaani. Vijana waliwasindikiza Émilienne na Rosette mpaka kwenye ua wakaishia hapo, hawakuthubutu kuingia wala kuondoka. Godelieve alisimama mlangoni pake akijifanya anapepeta mchele.

"Umenivua nguo," Patrice alimwambia mkewe.

"Nilijivua na mi."

"Ungeniambia mbele."

"Ningekuambia, ungenikataza. Na ningekutii."

Henri alikohoa.

"Patrice, hii ni maneno ya wanawake. Huyu mama amechoka na safari. Tutaita Pasta, tutaongea, tutaomba. Lakini usiguse paa. Ukiishusha hii, kesho kila muntu ataangalia juu kwa nyumba ya jirani yake. Utaharibu muji."

Rosette alipita katikati yao bila salamu, akaingia ndani. Alitoka na godoro la wadogo zake, akalitupa uani. Akarudi, akatoka na kikapu cha nguo. Akarudi tena, akatoka na vyungu. Alikuwa akifanya kazi kwa haraka, midomo imefungwa, na watoto wadogo walimfuata huku na huku wakidhani ni mchezo mpya.

Patrice alimtazama binti yake akihamisha nyumba. Halafu akamwuliza Émilienne, kwa sauti ya chini ambayo Henri hakuipenda:

"Yule mama. Mulipomupa ile moja, alisema nini?"

"Alisema asante."

"Alisema asante?"

"Jérémie alimuambia aseme kwa nguvu. Akasema tena. Akataja jina yetu."

Patrice aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa ya fundi, iliyojenga nusu ya mtaa ule.

"Patrice," Henri alisema.

Patrice aliinuka. Alimpita Henri kama anayepita nguzo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ngazi na nyundo. Jérémie na wavulana wawili walisogea kumsaidia, akawazuia kwa mkono.

"Musiguse. Mutaipinda. Yule mama ataiweka tena."

Alipanda. Msumari wa kwanza ulilia. Henri aliondoka bila kuaga, akikaza mwendo, na njiani alionekana akitupa macho juu ya paa lake mwenyewe. Godelieve aliacha kupepeta.

Émilienne aliingia ndani ya chumba kilichokwisha kuwa kitupu. Alisimama mahali palipokuwa na kitanda cha watoto. Juu yake bati liliinuka upande mmoja, likabanduka kutoka kwenye kenchi, na jua likashuka mpaka sakafuni, kwenye pembe ambayo tangu wahamie humo haikuwahi kuliona. Hapo yale machozi yaliyokwama kisimani yalimtoka. Alilia kwa sauti, kama alivyolia siku walipozika mtoto, kwa woga wa mvua inayokuja na kwa wepesi wa kifua ambao hakuwa ameujua kwa miaka, na hakujali nani uani anamsikia.

Nyundo ilinyamaza. Uso wa Patrice ulitokea kwenye lile tundu la mbingu, umejaa vumbi na jasho. Hakumwambia anyamaze. Alilishusha bati polepole ndani ya nyumba, kwa ncha, akiliongoza lisigonge ukuta.

"Mama Rosette," alisema, "nipokelee."

Émilienne akainua mikono miwili akalipokea.